Mshale wa Kurudi

Nyumbani kwetu Chome, ukishatoka mlangoni kwenda safari, harudi mtu. Ukikumbuka njiani kwamba umesahau kitu, unasimama hapo hapo ulipo, unapaza sauti, na aliyebaki nyumbani anakuletea. Mama yangu aliishika sheria hiyo kuliko zote alizokuwa nazo, na alikuwa nazo nyingi. Nilipokuwa nasoma sekondari ya bweni, sikumbuki muhula hata mmoja ambao sikusahau kitu: kalamu, sweta, kandambili, siku moja godoro lenyewe. Nilisimama chini ya migomba nikaita, naye akashuka mteremko ule mbio, kitu mkononi, kanga ikimponyoka, akinikaripia tangu mlangoni hadi aliponifikia. Kama hapakuwa na budi urudi mwenyewe, basi ulitakiwa uingie ndani, ukae kwanza kitini, utulie, ndipo uanze safari upya kana kwamba ile ya mwanzo haikuwepo. Kukaa huko ndiko kulikokuwa dawa. Sisi watoto tuliona ni adhabu.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba nilionywa. Mtu aliyelelewa hivyo hakuwa na sababu yoyote ya kubonyeza kile kimshale.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko chini Ndungu, kwenye mashamba ya mpunga. Nafundisha Kiswahili, na jambo hilo najivunia kupita kiasi, kama itakavyoonekana. Mimi pia ni kitinda mimba. Kaka zangu wawili na dada yangu wanaishi mijini, mbali, na kila tulipokutana kwenye msiba au harusi waliniimbia wimbo ule ule: kitinda mimba ndiye wa kubaki na mama, tena wewe ni mwalimu, mwalimu huhamishika. Utadhani mwalimu ni meza.

Mwaka juzi mama alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Tukampeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto limebakiwa na kitundu kidogo cha kuonea, na dawa zingechelewesha tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema. Nilimuuliza umebaki muda gani. Akajibu kwamba hawezi kunidanganya, huenda ni mwaka, huenda usifike.

Nikaamua kuomba uhamisho, niende kufundisha Chome. Sikuwa na makubwa. Nilitaka kuishi na mama wakati bado ananiona uso. Nilitaka anionyeshe kwa macho yake mwenyewe mpaka wa shamba unapopita, maharage ya mbegu yamo kwenye mtungi upi, na aizoee nyumba akiwa na mtu wa kumshika mkono, ili giza likija litukute tumejipanga. Shule ya kijijini ilikuwa na upungufu wa walimu, na mwalimu mkuu wake alikwisha kuniandikia kwamba atanipokea hata kesho. Kilichobaki kilikuwa ni kuomba tu.

Kuomba tu! Zamani uhamisho ulikuwa barua. Unaandika, mwalimu mkuu anapitisha, inapanda kwa mratibu wa kata, inapanda wilayani, na ukikumbuka kwamba umekosea neno unamfuata karani, unamwamkia, unamwambia, "Samahani, naomba ile barua yangu niirekebishe." Karani atanuna, atavuta faili kana kwamba analivuta kutoka kisimani, lakini barua atakupa. Siku hizi hakuna karani, kuna mfumo. Mfumo hufunguliwa kwa siku chache zinazoitwa dirisha, na dirisha likifungwa wewe umebaki nje na mvua yako.

Dirisha lilipofunguliwa nilipanda basi la asubuhi siku ya Jumamosi kwenda Same. Ndungu mtandao huja na kuondoka unavyotaka wenyewe, na simu yangu ilikuwa imepasuka kioo mahali pale pale panapotokea kitufe cha kutuma. Pale Same, karibu na stendi, kuna steshenari ya mama mmoja mfanyabiashara, mpole, ushungi wake umenyooka kutwa nzima, ambaye ametujazia fomu nusu ya walimu wa wilaya. Siku hiyo alikuwa na rundo la vyeti vya kutoa kopi, akaniweka kwenye kompyuta ya pembeni akaniambia nikikwama nimwite. Mimi nikwame? Mimi ni mwalimu. Nikamwambia asijisumbue.

Nikajaza. Cheki namba yangu ya utumishi, kituo cha sasa, kituo ninachoomba. Nilipofika kwenye sababu ya uhamisho ikajifungua orodha: kumfuata mwenza, ugonjwa wa mtumishi, kubadilishana, nyingine. Niliisoma orodha ile juu chini nikitafuta mama. Hayumo. Nikachagua "nyingine", na hapo kikatokea kisanduku cha kuandikia maelezo, chini yake tarakimu zinazohesabu herufi zilizobaki. Nikaandika kama ninavyowafundisha watoto kuandika barua rasmi, na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe herufi zikaisha. Nikaanza kupunguza. Nilifuta "kwa heshima na taadhima" nikajisikia kama nimemvua mtu mzima shati mbele za watu. Nikafuta historia ya ugonjwa, nikafuta hospitali, nikapanga upya, nikapunguza tena. Ilinichukua saa nzima aya ile moja, lakini ilipokamilika ilikuwa imesimama. Nikabonyeza "Wasilisha". Duara likazunguka, likazunguka, kisha ukaja ukurasa wa kijani: maombi yako yamepokelewa, na namba ya maombi, na chini yake yote niliyoyaandika.

Hapo mtu mwenye akili angenakili namba, angemshukuru mwenye steshenari, angekwenda kutafuta chai. Lakini mimi nimesahihisha insha za watoto kwa miaka mingi, na jicho langu haliwezi kupita juu ya maandishi bila kunusa. Nikasoma. Katikati ya aya yangu, wazi kabisa, nimeandika: "mama yangu mzazi anapoteza maono."

Maono! Maono ni ya manabii. Maono ni ya mtu aliyelala akaona ngazi inafika mbinguni. Mama yangu alikuwa anapoteza uwezo wa kuona, basi, na tofauti ya maneno hayo naifundisha darasa la saba kila mwaka, na anayekosea namsimamisha. Nilihisi masikio yanawaka. Nilimwona ofisa fulani mahali fulani akisoma aya ile na kumwambia mwenzake, "Huyu ndiye mwalimu wa Kiswahili." Neno moja. Kulikuwa na neno moja tu la kubadilisha, na pale juu kushoto kulikuwa na kimshale kinachoelekea nilikotoka.

Nikakibonyeza.

Fomu ilirudi. Ilirudi tupu, nyeupe, visanduku vyote wazi, saa yangu nzima haimo. Nikabonyeza mshale wa pili, ule wa kwenda mbele, ili angalau niuone tena ule ukurasa wa kijani. Ukaja ukurasa mweupe mwingine, wenye maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba ukurasa huu umekwisha muda wake, na kwamba ili kuuona itabidi taarifa zitumwe tena. Je, niendelee? Kulikuwa na vitufe viwili, cha kughairi na cha kuendelea.

Kwetu milimani mtu akikuuliza mara ya pili unamjibu mara ya pili. Atakuuliza hujambo, utasema sijambo. Atauliza habari za nyumbani, utasema njema. Atazungukia mifugo, mvua na watoto, kisha atarudi pale pale alipoanzia, na ninyi wenyewe hamjambo? Na utajibu tena, kwa sauti ile ile, hatujambo. Hakuna aliyewahi kusema, "Hilo nimekwisha kulijibu." Huo ungekuwa ujeuri. Mashine iliniuliza tena, nami kwa adabu zangu zote nikaijibu tena. Nikabonyeza kuendelea.

Duara likazunguka. Ukurasa wa kijani ukaja. Maombi yako yamepokelewa. Lakini namba haikuwa ile ya mwanzo. Ilikuwa namba nyingine, mpya, na chini yake mama yangu mzazi alikuwa bado anapoteza maono. Sasa yalikuwa maono mawili.

Nikamwita mwenye steshenari. Alikuja akaangalia, akafungua hapa, akafungua pale, akavuta pumzi.

"Madam, umefanyaje?"

"Nimerudi tu kidogo."

"Umerudi?"

"Kuna neno nilikosea."

"Jamani, madam," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. "Kwenye hizi fomu, ukishatuma, harudi mtu."

Nilimtazama. Ilikuwa kama vile mama yangu amezungumza kupitia kinywa cha mtu wa Same ambaye hajawahi kukanyaga Chome. Tulitafuta mahali pa kufuta maombi ya pili, hapakuwepo. Tulitafuta mahali pa kurekebisha, hapakuwepo. Kulikuwa na neno "Msaada" limepigiwa mstari. Tukalibonyeza, tukaambiwa ukurasa tunaoutafuta haupatikani. Mfa maji haachi kutapatapa, nikabonyeza kila kilichobonyezeka hadi mwenye steshenari akaniondolea mkono kwenye kipanya taratibu, kama anamnyang'anya mtoto wembe. Aliniambia niache, ninaweza kuzidisha. Njia nzima ya kurudi Ndungu nilijifariji kwamba labda mawili ni bora kuliko moja, kwamba huko juu wataona huyu mwalimu ana shida mara mbili.

Nilisubiri wiki kadhaa. Nilifundisha nikiwa na simu mezani, jambo ambalo nawakataza wenzangu. Siku ujumbe ulipoingia nilikuwa naandika ubaoni, na darasa zima lilinyamaza kwa sababu walikwisha kunijua. Maombi yako ya uhamisho yamebatilishwa. Sababu: yamejirudia. Sijamaliza kuusoma, simu ikalia tena. Ujumbe ule ule, neno kwa neno. Walionikatalia kwa kurudia walinikatalia wenyewe mara mbili, na hakuna aliyewabatilisha.

Nikaomba ruhusa, nikaenda Same ofisini. Nilimkuta ofisa mmoja wa makamo, mtu mwungwana, aliyenikaribisha kiti na kunisikiliza hadi mwisho. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa mkorofi. Mtu mkorofi unaweza kumkasirikia ukarudi nyumbani umepungua mzigo.

"Mfumo umeona maombi mawili ya mtu mmoja," alisema. "Ukikuta hivyo unayatupa yote."

"Kwa nini usitupe moja?"

"Haujui lipi ndilo la kweli."

"Yote ni ya kweli! Hata makosa ni yale yale."

"Naelewa, Madam."

"Basi wewe si unaona? Ninyi watu si mnaona? Yafungue hayo mawili, chagua lolote."

Alinigeuzia kompyuta yake niione mwenyewe. Jina langu lilikuwapo, na mbele yake neno moja jekundu, na hapakuwa na kitufe chochote. "Mimi huku kwangu naona tu," alisema. "Siwezi kugusa." Nilimuuliza dirisha litafunguliwa tena lini, akasema walimu watatangaziwa. Nikamuuliza kama anajua maana ya presha ya macho. Akasema baba yake alikuwa nayo. Akaniambia pole, nikamwambia asante, na nilipofika nje nikaupiga teke mfuko wangu mwenyewe.

Sikurudi Ndungu siku ile. Nilipanda gari la milimani nikaenda kumwambia mama, kwa sababu yeye alikuwa anasubiri barua. Kwake uhamisho ni barua, na kila nilipopiga simu aliuliza kama imejibiwa. Nilimkuta amekaa nje ya jiko anachambua maharage kwa vidole, anayagusa moja moja. Kabla sijafungua mdomo aligeuza uso kuelekea kwenye hatua zangu, kidogo pembeni ya mahali nilipokuwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamejibu?"

Mama na mimi tunazungumza Kipare, na Kiswahili hiki ni changu. Nilijaribu kumweleza. Mfumo ulinishinda kumweleza, dirisha alidhani ni dirisha, na kimshale nilikichora kwenye kiganja chake kwa kidole. Alinisikiliza, ameshika punje ya haragwe. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo umefungua ndiva mara mbili?"

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia, la mawe na udongo, linalokinga maji ya kijito. Kila nyumba ina zamu yake ya kulifungua. Mtu akifungua mara mbili kwenye zamu moja, wenye mfereji humnyima maji, hata akiapa kwamba alipitiwa. Nilikuwa nimelizunguka jambo lile kwa maneno mia, yeye akalimaliza kwa moja.

"Ndiyo, mama. Nimefungua mara mbili."

"Wakakunyima."

"Wakaninyima."

"Hata mimi ningekunyima," alisema.

Nilikasirika. Nakiri, nilimkasirikia mama yangu asiyeona, nikamwambia kwamba yote haya nimeyafanya kwa ajili yake na sasa yuko upande wa mashine. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Ila mimi, kabla ya kukunyima, ningekuja mlangoni kwako nikakuuliza imekuwaje." Akaendelea na maharage yake.

Baadaye, tukila makande, aliniuliza ni neno gani hilo lililonirudisha. Nikamwambia. Alicheka hadi akaweka bakuli chini. "Lakini si umesema kweli? Ningekuwa na maono ningekupigia simu asubuhi ile, ningekwambia mwanangu, leo usiguse kitu." Na mimi nikacheka, ingawa nilikuwa namwangalia. Alikuwa anakitafuta kijiko kilichokuwa mbele yake.

Asubuhi yake niliondoka. Gari la kushuka Same husubiri abiria chini barabarani, na ukungu wa mlima Shengena ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa. Nilimuaga mama mlangoni, nikachukua kikapu alichonifungashia, nikashuka. Nilikuwa nimeipita migomba, nimefika kwenye jiwe kubwa ambapo njia inageuka, nilipojipapasa kichwani nikagundua kwamba miwani yangu nimeiacha mezani. Mdomo wangu ulifanya ulichozoea tangu utoto. Nilisimama nikapaza sauti.

"Mama! Nimesahau miwani!"

Hata kabla sijajisuta nilimsikia. Mlango uligonga ukuta, na mama akaanza kushuka, akinikaripia, kanga ikimponyoka, ameinua mkono wenye miwani. Alishuka vizuri. Miguu yake ilikuwa inaijua njia ile jiwe kwa jiwe. Lakini alishukia mahali nilipokuwa nikisimama zamani, chini ya migomba, si kwenye jiwe. Pale palikuwa na mgomba mmoja wa kimo changu, majani yake makavu yamening'inia. Akasimama mbele yake, akahema, akaunyooshea miwani.

"Haya, shika. Shika basi, gari litakuacha."

Nilikuwa hatua kama kumi chini yake. Kile kitundu kidogo kilichobaki kwenye jicho lake kilikuwa kimemwonyesha mgomba, naye ameridhika kwamba ni mimi. Aliutazama kwa upole, kama ananitazama mimi usoni. "Na usiwe na hasira na hao watu," aliuambia. "Utaomba tena."

Nikapanda. Nilikipanda kile kipande cha njia nilichokatazwa maisha yangu yote, nikamshika mkono kutoka upande asioutazamia. Alishtuka. Vidole vyake vilipita juu ya mkono wangu, vikafika kwenye saa, vikanitambua. Kisha akanyoosha mkono wa pili taratibu akaugusa mgomba.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, mama."

"Nani kakwambia urudi?" Alisema kwa ukali wake wa zamani, lakini mkono hakuuachia. "Haya, twende ndani. Aliyerudi sharti akae kwanza."

Tukapanda pamoja. Aliniwekea kiti, nikakaa. Chini barabarani gari lilipiga honi, likapiga tena, halafu nikalisikia linaondoka.